Nani Analipwa Kwanza? Miaka 60 ya Matumizi ya Kaya Zetu

(Mhadhara wa wazi uliotolewa mbele ya walimu, wanafunzi na wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Umehaririwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, wanafunzi, akina mama na akina baba wa vikundi mliofunga biashara mapema ili muwahi hapa jioni hii: najua kwa mtu wa genge, saa moja ya jioni ina thamani kuliko saa tatu za asubuhi, kwa hiyo nitajitahidi muda wenu usipotee.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna matumizi ya kaya yanavyobadilika muongo hadi muongo. Ni mada ambayo kila mtu ana la kusema, maana hakuna asiyenunua chumvi. Lakini kauli ninayoisikia zaidi, misibani, kwenye daladala na hata kwenye vikao vya wasomi, ni kwamba watu wa siku hizi hawajui kutumia fedha. Wanamaliza hela kwenye bando, wanachangia sherehe kila wikiendi, wananunua sukari robo robo kama watoto, halafu wanalia kwamba maisha magumu. Nimekuja kuipinga kauli hiyo kwa nguvu zangu zote.

Dai langu ni hili. Katika miaka hii 60, jambo kubwa lililobadilika ni zamu ya fedha kutoka mfukoni: nani analipwa kwanza, nani anasubiri. Kwa wazazi wetu chakula kilichukua chake kwanza, mengine yakagawana kilichobaki. Leo, katika kaya nyingi za mjini, chakula ndicho kinachosubiri. Nina hoja nne. Mbili nitazipitia kwa kasi, mbili nitakaa nazo.

Nitasema zaidi juu ya mjini, na ndugu zangu wa vijijini mnisamehe. Sensa ya 2022 imeonyesha kwamba karibu Watanzania 65 katika kila 100 bado wanaishi vijijini, ambako sehemu ya chakula hutoka shambani na fedha huja kwa msimu. Lakini anayeuza mahindi mwezi wa saba na kuyanunua tena mwezi wa pili kwa bei ya juu ataona kwamba haya ninayoyasema hayako mbali na mlango wake.

Tunayajuaje haya?

Tangu uhuru nchi yetu imefanya tafiti kadhaa za mapato na matumizi ya kaya: 1969, 1976/77, 1991/92, 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Mdadisi huacha daftari nyumbani, na kaya huandika humo kila kilichonunuliwa na kila kilicholiwa, hata muhogo uliochimbwa shambani bila kutoa senti. Kutokana na daftari hizo hupatikana kile kikapu cha bidhaa na huduma kinachotumika kupima mfumuko wa bei. Mkisikia redioni kwamba mfumuko umefikia asilimia fulani, jueni kwamba nyuma ya namba ile yuko mama fulani aliyekaa barazani akaandika: nyanya fungu moja, dagaa, mafuta ya kupima.

Nadharia inayotuongoza ni ya zamani. Mwaka 1857 mwanatakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alichambua bajeti za familia za wafanyakazi wa Ubelgiji akaona kwamba kadiri familia ilivyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya fedha yake ilivyokwenda kwenye chakula. Tangu hapo wachumi duniani kote wametumia fungu la chakula kama kipimo cha hali ya maisha. Likishuka, wanasema watu wameinuka.

Hoja ya kwanza: fungu la chakula limeshuka, lakini neema si sababu pekee

Tazameni vikapu vyetu vya mfumuko wa bei, mkisogea navyo kwa miaka. Katika kikapu kilichoanza kutumika 1994, chakula kilipewa uzito wa zaidi ya asilimia 71. Katika kikapu cha 2001 kikashuka hadi karibu 56. Cha 2010, karibu 48. Cha 2015, asilimia 38.5. Na katika kikapu cha 2020 chakula na vinywaji visivyo na kilevi vimebaki na asilimia 28.2.

Kwa kanuni ya Engel, huo ni muujiza wa robo karne. Na sitaki kuikataa sehemu ya kweli iliyomo. Umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulishuka kutoka asilimia 34.4 mwaka 2007 hadi 26.4 katika utafiti wa 2017/18. Nyumba nyingi zimetoka kwenye makuti zikaingia kwenye bati. Watoto wengi zaidi wana viatu. Anayesema hakuna kilichosogea hajatembea nchi hii.

Lakini mabadiliko makubwa namna hiyo hayawezi kuelezwa na kipato peke yake. Jambo moja ni kwamba chakula kingine kimehama jikoni. Kwa mpangilio wa kimataifa unaotumika sasa, sahani ya wali maharage ya mama lishe haihesabiwi kwenye fungu la chakula. Inaingia kwenye fungu la migahawa na malazi. Fundi anayekunywa chai na chapati mbili asubuhi kando ya saiti, akala ugali mchana palepale, na usiku akapita kwenye chipsi mayai, anaweza kuonekana kwenye takwimu kama mtu asiyetumia sana kwenye chakula. Kumbe anakula nje kwa sababu hana wa kumpikia, au kwa sababu mkaa wa kupikia sufuria ya mtu mmoja unamgharimu kuliko sahani yenyewe.

La pili ni umbali. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu kama 270,000. Ya 2022 imeikuta na watu milioni 5.38. Mfanyakazi wa miaka ya 1960 aliyepanga Ilala alitembea kwa miguu hadi kazini. Mjukuu wake anaishi Chanika au Bunju, anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, na asipoyapanda hapati mkate. Katika kikapu cha 2020 usafiri umepewa karibu asilimia 14. Nauli hiyo wengine huiweka kwenye hesabu ya maendeleo, ya watu wanaosafiri. Mimi naiona kama kiingilio cha kupata kazi.

Kwa hiyo tuitumie kanuni ya Engel kwa tahadhari. Fungu la chakula likishuka kwa sababu kipato kimepanda, sahani yenyewe hunenepa: mboga mbili badala ya moja, maziwa kwa mtoto, tunda baada ya chakula. Likishuka kwa sababu mengine yameingia mbele yake, sahani hukonda ingawa asilimia ni ileile. Takwimu ya fungu haitofautishi hali hizi mbili. Ni lazima mtu afunue sufuria.

Hoja ya pili: miaka ya uhaba ilitufundisha mengi, na mengine hayakutoka

Naona wazee wangu pale mbele wanatabasamu, wanajua ninakokwenda.

Kuanzia ukame wa 1973 na 1974, kupanda kwa bei ya mafuta duniani, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977 na vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maduka yetu yaliingia kwenye uhaba ambao kijana wa leo hawezi kuuwazia. Sukari, sabuni, dawa ya meno, betri na vitenge vilipitia kwenye maduka ya ushirika na kampuni za biashara za mikoa, na vikigawiwa viligawiwa kwa kaya kupitia kwa balozi wa nyumba kumi. Watu walifua nguo kwa majani ya mpapai. Ugali wa unga wa njano, tuliouita Yanga, ulipikwa kwenye nyumba ambazo hazikuwahi kuupenda. Na ukikuta foleni ulisimama kwanza, ndipo ukauliza kinachouzwa.

Sasa angalieni tabia iliyozaliwa hapo. Mwenye mshahara hakuweza kupanga matumizi. Alinunua kilichokuwepo, kwa wingi alioruhusiwa, hata kama hakukihitaji siku ile. Chini ya kitanda palikaa miche ya sabuni, na sandukuni palikaa doti za kanga zisizoshonwa pindo. Ile ilikuwa akiba, na kwa mfumuko wa bei uliozidi asilimia 30 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, doti ya kanga ilitunza thamani kuliko noti. Wazee wetu hawakuwa na uroho wa vitu. Walikuwa na akili ya mahali na wakati wao.

Serikali ilijaribu nguvu, kwa operesheni ya wahujumu uchumi ya 1983 chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, kisha mwaka uliofuata ikalegeza masharti na kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni wenyewe. Mzee Mwinyi akaingia madarakani 1985, na zama za ruksa zikashika kasi. Maduka yakajaa. Mitumba ikaingia kwa marobota, na mtu wa kawaida akavaa suruali tatu badala ya moja, ingawa viwanda vyetu vya nguo vililipia gharama hiyo kwa kufifia kimoja baada ya kingine.

Kilichogeuka ni kizuizi. Zamani fedha ilikuwepo na bidhaa haikuwepo. Kuanzia hapo bidhaa ikawepo na fedha ikaadimika. Na huduma ambazo wazazi walizizoea bila kulipa zikaanza kuwekewa bei: kuchangia matibabu kukaanza 1993, ada shuleni zikarudi kabla ya kufutwa tena kwa shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000 na hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Katika kikapu cha 2020 elimu imepewa asilimia 2 tu. Lakini hapo, wanafunzi wangu, mjifunze kuuogopa wastani. Kaya yenye watoto wawili kwenye shule binafsi hujibana mwaka mzima kwa ajili ya ada, na jirani yake hatoi ada kabisa. Asilimia 2 haimwelezi yeyote kati yao.

Hoja ya tatu: kutoka gunia hadi kipimo

Hapa nitakaa.

Nendeni saa kumi na mbili jioni kwenye duka lolote la mtaani, Manzese, Mbagala, au Mwanjelwa kule Mbeya, msimame pembeni nusu saa bila kusema kitu. Atakuja mtoto na kikombe cha bati, aseme mafuta ya mia tano. Muuzaji atazamisha kipimo kwenye ndoo, atamimina, atasubiri tone la mwisho lidondoke kwa sababu mtoto anatazama, naye ametumwa atazame. Atakuja mama achukue sukari robo, iliyokwisha kufungwa na kupangwa mstari kwenye kabati la kioo. Kijana atataka kipande cha mche wa sabuni. Muuzaji atapima kwa jicho na kukata kwa kisu, na watabishana kidogo kuhusu pale kisu kilipopita. Mwingine majani ya chai ya mia. Mwingine unga nusu. Nje, kwenye sakafu ya saruji, mkaa umepangwa kwa makopo. Baada ya dakika kumi mtoto wa kwanza anarudi: mama kasema na chumvi.

Ni kwenye duka hilo ambapo msomi hutikisa kichwa na kusema maskini hawajui hesabu. Basi tufanye hesabu. Nitatumia bei za mfano tu, kila mtu aweke za mtaani kwake.

Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 3,000 na robo ni 800. Anayenunua robo nne amelipa 3,200. Tofauti hiyo ni ndogo. Tuseme lita ya mafuta ni 6,000, na kipimo cha 500 kina mililita 70. Kwa bei hiyo lita nzima inamgharimu zaidi ya 7,100. Tuseme gunia la mkaa ni 80,000 na linatoa makopo 100 ya shilingi 1,000. Anayenunua kwa kopo amelilipia gunia lile 100,000, yaani robo zaidi. Mwaka mzima wa kununua hivyo unameza fedha ambayo ingetosha kununua mtungi wa gesi pamoja na jiko lake.

Hakuna mama hata mmoja pale dukani asiyeijua hesabu hii. Ulizeni. Atawatajia bei ya gunia bila kufikiri. Ananunua kopo kwa sababu nyingine, na sababu hizo zina mantiki kuliko tunavyokiri.

Ya kwanza, fedha yake inakuja kwa kopo. Mfanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa 1968, alipokea mshahara mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi akanunua vya mwezi. Debe la mchele lilishuka kwenye basi kutoka kwao Kyela au Ifakara na likakaa pembeni ya kabati. Baada ya ubinafsishaji na kupunguza wafanyakazi kwa miaka ya 1990, na kwa vijana wengi kuingia mjini kuliko ajira za mshahara, riziki ya wengi ikawa ya siku. Bodaboda, genge, saidia fundi, kusuka nywele: leo 12,000, kesho 4,000, keshokutwa mvua. Huwezi kumdai mtu wa kipato cha siku awe na matumizi ya mwezi.

Ya pili, nyumba yake haina ghala. Chumba kimoja cha kupanga, watu wanne, panya, na mlango ambao kila mtu kwenye korido anajua umefunguliwa saa ngapi. Ukiweka kilo tano za sukari jirani atakuja na kikombe, na huwezi kumnyima kwa sababu kesho wewe ndiye utakayekwenda na kikombe kwake. Robo ya sukari haiazimiki.

Ya tatu, kipimo kidogo kinamlinda na nafsi yake. Mafuta yakiwa lita, mkono wa mpishi hulegea. Yakiwa kipimo, yanatosha kipimo. Wanawake wengi niliozungumza nao katika vikundi kama hivi vyenu hulisema hili waziwazi: nikinunua kidogo najua nilipo.

Kwa hiyo nawaomba, wenzangu wa vyuoni, tuache kuandika kwamba kaya hizi hazina elimu ya fedha. Zinalipa bei ya kutokuwa na fedha ya pamoja, na zinajua kwamba zinailipa. Wanaopaswa kuumiza kichwa ni sisi tunaotunga sera kana kwamba kila Mtanzania hulipwa tarehe 25.

Hoja ya nne: malipo yanayotangulia

Sasa nafika kwenye kiini.

Zamani, kwa huduma nyingi, kaya ilitumia kwanza ikalipa baadaye. Umeme uliwaka mwezi mzima, ndipo ankara ikaja. Mangi wa duka la kona aliandika kwenye daftari, na mwisho wa mwezi mkahesabiana. Simu haikuwepo kwa wengi. Hivi vyote viliipa kaya nafasi ya kupumua.

Kuanzia miaka ya 1990 mpangilio huo umepinduliwa, kimya kimya, huduma moja baada ya nyingine. Umeme ukaja wa LUKU: lipa kwanza. Simu za mkononi zikaanza 1994, na baada ya vocha za kukwangua yakaja mabando: lipa kwanza, na ukichelewa kutumia linakwisha muda wake. King'amuzi kimefuata njia hiyohiyo. Kodi ya chumba hudaiwa ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima. Anayepata fedha kwa siku analipa makazi kwa nusu mwaka, na mwenye nyumba, ambaye mara nyingi ana hali bora kuliko yeye, ndiye anayekopeshwa bila riba.

Ukiongeza na makato, picha inakamilika. M-Pesa ilianza nchini 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na siwezi kueleza vya kutosha jinsi huduma hizi za simu zilivyorahisisha kumtumia mama kijijini. Lakini fedha inayopita kwenye simu inaweza kukatwa njiani. Julai 2021 tuliwekewa tozo ya miamala, na malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba ilipunguzwa ndani ya miezi michache. Agosti ya mwaka huohuo kodi ya jengo ikaanza kukatwa kupitia LUKU, wakati huo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji. Wengine wamekubaliana na wenye nyumba wakarudishiwa. Wengine, mnajua wenyewe. Kisha mikopo ya simu: unakopa 10,000 asubuhi, na fedha yoyote ikiingia jioni, deni limeshajichukulia chake kabla hujaiona. Na marejesho ya kila wiki ya mikopo ile mnayoiita kausha damu, ambayo afisa wake anakuja mpaka kizingitini.

Mkiyapanga malipo haya mstarini mtaona kwamba kila moja lina namna yake ya kulazimisha. Umeme unazimika. Bando linakatika, na bodaboda asiye na bando hapati wateja wa kuitwa kwa simu. Mwenye nyumba anafunga mlango kwa kufuli lake. Kikundi kinakutoza faini. Chakula hakina afisa wa kukufuata. Ukipunguza mboga, hakuna atakayegonga hodi. Basi kila kitu kikibana, panapopunguzwa ni kwenye chakula: maharage bila nazi, chai ya rangi, chakula cha jioni kikaunganishwa na cha mchana saa kumi. Na anayefanya kazi hii ya kuunganisha, anayekula mwisho, anayesema mimi nimeshiba, mnamjua.

Neno fupi juu ya michango, kwa sababu ndiyo inayolaumiwa sana. Harusi, send-off, kumwaga radhi, misiba. Ni kweli imekua, na simu imeondoa kisingizio cha umbali: zamani wa Bukoba hakuchangia harusi ya Mtwara, leo kamati inamwandikia ujumbe na namba ya kutumia. Kadi zinapangwa kwa viwango, na kiwango kinapanda. Mimi mwenyewe naona sherehe nyingine zimepita kiasi. Lakini kwa mtu asiye na bima wala pensheni, mchango ndio uthibitisho kwamba siku atakapolazwa, au atakapofiwa, watu watakuja. Anayemwambia aache kuchangia amwambie pia atakimbilia wapi.

Tunakokwenda

Mwenyekiti, nina dakika chache, nizitumie kutazama mbele.

Miaka kumi ijayo italeta malipo mapya kwenye mlango wa kaya. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu hakuna kinachofilisi kaya kwa kasi kama ugonjwa. Lakini kama mchango wa bima utadaiwa kwa mkupuo wa mwaka, utakuwa mstarini pamoja na kodi ya miezi sita, na chakula kitarudi nyuma hatua nyingine. Ukikubalika kwa vipande, kwa wiki, kupitia vikundi kama hivi mlivyonavyo, utaingia kwenye maisha ya watu bila kuyavunja. Vikundi vyenu vinajua kukusanya elfu mbili mbili bila kumwaibisha mtu. Wizara zinapaswa kuja kujifunza kwenu.

Vivyo hivyo nishati safi ya kupikia. Mkakati wa Taifa wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwisho wake. Lengo zuri sana, hasa kwa mapafu ya mama zetu na kwa misitu. Kikwazo mmekiona pale dukani: gesi inauzwa kwa mtungi na mkaa unauzwa kwa kopo. Dar es Salaam tayari kuna mitungi yenye mita, ambayo mtu analipia kadiri anavyotumia. Ruzuku ikielekezwa huko, kwenye uwezo wa kununua kidogo kwa bei ya jumla, lengo lile litafikika mapema.

Ombi la mwisho ni kwenu wanafunzi. Utafiti wa kaya utaendelea kuhesabu kiasi gani kilitumika kwa nini. Nyinyi ongezeni kinachokosekana. Kila mmoja akubaliane na kaya moja ya mtaani kwake, kwa hiari yao na bila kuandika majina, wafungue daftari la mwezi mmoja. Pamoja na bei na kipimo, kuwe na safu mbili zaidi: saa fedha ilipotoka, na kitu kilichosubiri ili hicho kilipiwe. Akina mama wa vikundi wamekwisha kuniambia wako tayari kuwapokea, mradi mje jioni, baada ya saa mbili, wakishafunga hesabu zao. Mwalimu wenu wa takwimu amekubali kuzikusanya daftari hizo, na mwakani tutazisoma pamoja hapahapa, akina mama hao wakiwa wamekaa viti vya mbele.

Nakaribisha maswali, na naomba tuanze na upande wa akina mama.